Jamani, msiniambie "ni ile ile"!

Najua nimewatupa, ila si kwa kupenda. Majaribio wiki mbili hizi yamefuatana kama mabehewa ya treni ya Mpanda, moja halijapita vizuri lingine hilo hapo. Leo nimepata upenyo, na nina jambo limenikaa kooni tangu Jumamosi. Mwenye haraka akapike kwanza, maana ni refu.

Jumamosi usiku hapa hosteli nusura nigombane na mtu. Si hela, si msichana. Muziki! Mshkaji mmoja wa chumba cha tatu kutoka kwetu (jina namsitiri, akisoma atajijua) karudi kutoka Dar na flashi ya GB 64, akawa anapita nayo korido nzima kama kabeba dhahabu. Ndani yake albamu zote za Queen, na zote FLAC. Kwa wasiojua, FLAC ni faili la muziki lisilopoteza kitu: kila kilichokuwa kwenye CD kimo, hata punje moja haijadondoka. Mimi na Queen mnatujua. Nikamwomba nichungulie.

Nikawasha laptopu, nikaingiza wimbo wa kwanza kwenye programu ya bure inayochora sauti, inaitwa Spek. Mchoro ukatoka umekatwa juu kama nywele za mwanafunzi wa kidato cha kwanza. Kuanzia hezi 16,000 kwenda juu, giza tupu. Wimbo wa pili hivyo hivyo. Wa kumi hivyo hivyo. Ndugu zangu, huo ni mkato wa MP3 ya kilobiti 128, naujua kama navyoujua mlango wa kwetu. Mtu kachukua MP3 za zamani, kazigeuza umbo kuwa FLAC, zikavimba mara tano sita, kamuuzia mwenzie. Nikamwambia taratibu tu, "Kaka, umeuziwa."

Basi bwana! Akawaka. Mara nina wivu, mara najifanya mjuaji, mara sisi watoto wa Mpanda tumezoea redio za mkulima. Katikati ya zogo akatokea jamaa mwingine na sahani yake ya ugali mkononi, akatamka neno ambalo ndilo limenifanya niandike leo: "Hivi nyie mnagombania nini? Si ni ile ile tu? Kwani kwenye FLAC Freddie anaimba maneno mengine?" Korido nzima ikacheka. Na mimi nikacheka, kwa aibu.

Sasa nimetulia, nawajibu wote wawili.

Naanza na mwenye flashi. Kaka, wewe unasoma mambo ya nyuki kama mimi. Uko hapa Kibaoni, mkoa wa Katavi, ambako asali si kitu cha kusimuliwa. Mtu akichukua asali ya miombo akaichemsha mpaka harufu ya maua ikaondoka na vimeng'enya vikafa, halafu akaimimina kwenye chupa safi yenye lebo ya kung'aa, hivi ile harufu inarudi? Si hata wewe ungemcheka? Chupa imekuwa kubwa, asali ni ile ile iliyokwisha kuungua. Ndivyo ilivyo flashi yako. FLAC ina uwezo wa kutunza ulichompa tu, na ukimpa kilichochakachuliwa anakutunzia uchakachuaji wako kwa uaminifu mkubwa.

Kilichoniuma zaidi hakikuwa hiyo flashi. Kilichoniuma ni kwamba uliupiga huo muziki kwenye kispika cha Bluetooth. Jamani! Bluetooth ya kawaida nayo inaukata muziki upya kabla ya kuurusha. Yaani hata kama FLAC yako ingekuwa halali, ilipofika kwenye spika ilikuwa imeshapunguzwa. Ni sawa na kununua maziwa freshi Mpimbwe, ukayatia maji mlangoni, ukaita majirani waje kuonja maziwa freshi. Ukitaka kuringa, ringa na waya.

Tuje kwa bwana "ni ile ile" na ugali wake. Huyu ni wa hatari zaidi, maana ana nusu ya ukweli.

Nieleze kwa lugha ya hapa hapa kampasi. MP3 ni desa. Mnajua desa: mtu kasoma kitabu chote, kaamua hiki kitaulizwa na hiki hakitaulizwa, kaandika kurasa sita, wengine wote mnapiga kopi. Aliyetengeneza MP3 alifanya hivyo hivyo kwa sauti. Wajerumani pale Fraunhofer walichunguza sikio la binadamu, wakaona sauti kubwa huifunika ndogo iliyo karibu yake, wakasema basi ile ndogo tuitupe, nani atajua? Dakika moja ya CD inakula kama MB 10, kwenye MP3 ya kilobiti 128 inabaki kama MB 1. Ni ufundi mkubwa, sibishi. Na desa zuri linafaulisha mtihani. Lakini desa si kitabu, na desa lililopigwa kopi kutoka kwenye kopi mnajua wenyewe linavyofika, herufi zimejaa madoa, michoro haisomeki.

FLAC yenyewe haitupi kitu. Ni kama kuviringisha mkeka: unapungua, unabebeka kwapani, ukifika unaukunjua na ukindu wote upo. CD ikiviringishwa hivyo inabaki kama nusu yake au theluthi mbili. Ndiyo maana A Night at the Opera, albamu ya dakika 43 hivi, kwa MP3 ya 128 ni kama MB 41 na kwa FLAC ni mamia. Kwa bei ya bando letu hilo si jambo dogo, najua, nimelala na bando la usiku mara nyingi kuliko nilivyolala na chandarua.

Na kabla hamjaanza ile yenu ya "nyimbo za wazungu", nikumbushe tu kwamba Freddie Mercury kazaliwa Unguja mwaka 1946, jina lake Farrokh Bulsara, wazazi wake Waparsi. Familia iliondoka 1964 baada ya Mapinduzi, mwaka huo huo ambao jina Tanzania lilizaliwa. Tangu 2019 kuna jumba la makumbusho yake pale Mji Mkongwe. Simdai kuwa ni wetu, maana alipokuwa na uwezo wa kurudi sijasikia kwamba alikuwa na haraka. Nasema tu msinifukuzie mbali sana.

Haya. Kwa nini nawasikiliza hao na si wengine? Kwa sababu ni watu waliojaza kanda mpaka pomoni. Kwenye albamu zao za mwanzo waliandika kabisa kwenye jalada kwamba hawakutumia sintesaiza. Kila mnachodhani ni mashine ni mtu. Brian May anapiga gita alilolitengeneza na baba yake, mbao zake zimo za jiko la moto la zamani, na hapigi kwa pleki ya plastiki, anapiga kwa sarafu ya chuma, senti sita ya Kiingereza. Kile kikwaruzo cha sarafu kwenye waya ni kitu kidogo sana, kipo juu kabisa ya sauti, na ni cha kwanza kuliwa desa likibanwa. Kwenye Seaside Rendezvous mnasikia tarumbeta na filimbi, kumbe ni midomo ya Freddie na Roger Taylor. Bohemian Rhapsody ile kwaya ya watu mia ni watu watatu, wamerudia rudia juu ya kanda ile ile mpaka kanda ikachakaa. Na mwisho wa wimbo, kila kitu kikishanyamaza, linagongwa gongo moja polepole. Kwenye CD linafifia kama vumbi la basi linavyotua barabarani. Kwenye 128 linatetemeka kama liko ndani ya ndoo ya maji. Ukishalisikia mara moja hulisahau, na nasikitika kwamba sasa nimewaharibia.

Lakini mimi si mwongo, kwa hiyo na hili niliandike. Jumapili tulifanya mtihani. Nina CD halali ya A Night at the Opera, ya baba mdogo, aliinunua Nairobi zamani. Nikaigeuza FLAC mwenyewe, nikatengeneza na MP3 za viwango viwili. Kuna programu inakuchezea bila kukuambia ipi ni ipi, unabahatisha mara kumi. Hedifoni za waya, dirisha limefungwa, watu watano. Kwa 128 nilipata tisa kati ya kumi, shukrani kwa gongo na matoazi. Kwa kilobiti 320 nilipata... sita. Sita! Ukirusha shilingi hewani unapata hiyo hiyo. Jamaa wa ugali alipata tano, akanitazama kama hakimu. Siku ile nilikula chakula cha jioni kimya kimya.

Kwa hiyo nakiri mbele yenu: MP3 nzuri, kwenye masikio yangu haya, siwezi kuitofautisha na FLAC. Na kwenye basi la Mpanda kuja huku, likishaingia hifadhini baada ya Sitalike, vioo vinatetemeka, mbung'o wanatafuta mwanya na abiria wote wamesimama kutazama viboko, hapo hata 64 inatosha. Anayesema anasikia tofauti kwenye basi lile namwomba apimwe.

Basi kesi imekwisha? Haijaisha, ndipo inapoanza. Nyote wawili, wa flashi na wa ugali, mnadhani FLAC ni suala la masikio ya leo. Mnabishana kama inasikika. Mimi naulizia kesho utarudi wapi ukitaka kutengeneza kingine.

Tazameni hao hao Queen. Albamu yao ya kwanza ilitoka 1973, wakairekodi studio ya Trident kwa muda wa kuombaomba, wenye hela wakishaondoka. Mlio wa dramu hawakuupenda tangu siku ile. Mwaka 2024 wakarudi kwenye kanda zile zile, kila ala kwenye njia yake, wakachanganya upya, wakaitoa tena kwa jina Queen I. Miaka 51 baadaye! Hawakurudi kwenye MP3 ya mtu. Walirudi kwenye kanda kwa sababu kuna mtu aliitunza. (Na msidhani wazungu hawapotezi: mwaka 2008 moto uliwaka pale Universal, Hollywood, ukala kanda mama za wanamuziki chungu nzima, na dunia ikaja kujua ukubwa wake 2019.)

Sasa niwape ya kwangu, maana mnadhani nawatetea wazungu.

Baba yangu mkubwa alifanya kazi reli, pale Mpanda. Alikuwa na redio kaseti moja ya nguvu, na kazi yake ya jioni ilikuwa kurekodi RTD. Mnaijua RTD, Redio Tanzania Dar es Salaam? Ndiyo iliyokuwa studio ya nchi nzima. NUTA Jazz ya 1964, Mlimani Park ya 1978, Western Jazz, Tabora Jazz, bendi ilikuwa inakwenda pale inarekodiwa kwenye kanda kubwa, halafu wimbo unarushwa hewani, na wewe uliye Mpanda ukitaka uwe wako unabonyeza vidole viwili kwa pamoja na kuomba mawimbi yasipotee. Baba mkubwa alikuwa na kaseti zaidi ya arobaini. Tabora Jazz alikuwa nazo nyingi kuliko zote, maana kwa mtu wa reli Tabora ni kama sebuleni.

Mwaka 2017, niko kidato cha pili, najua kila kitu. Nikamshawishi tuzipeleke kaseti kwenye kibanda kimoja mjini, kijana alikuwa anageuza kaseti na kuziweka kwenye memori kadi. Akazimaliza kwa siku nne. Kadi moja ndogo kama ukucha, nyimbo zote zimo, na nafasi imebaki. Mimi nilishangilia hiyo nafasi iliyobaki! Sikujiuliza kwa nini imebaki. Tukarudi nyumbani, na ni mimi, si mwingine, niliyesema kaseti zimeshika ukungu, zinajaza nyumba, za nini tena? Zikaenda shimoni. Nyingine watoto walivuta utepe wake wakafunga kwenye kite.

Nilipoingia chuo na kujifunza mambo haya nikazifungua zile faili. Kilobiti 32. Thelathini na mbili! Chaneli moja. Kijana alibana ili zienee nyingi, na kwa kazi yake hakukosea, wateja walitaka nyingi. Lakini sikilizeni kilichotokea. Kaseti iliyorekodiwa kutoka redioni ina mvumo, shhhh, muda wote. Ukiibana sana, mashine haijui mvumo ni upi na gita ni lipi, inajaribu kubeba vyote kwa mkoba mdogo, inadondosha vyote. Gita la pili halipo. Matoazi yamekuwa mapovu. Sauti ya mwimbaji inakuja na kuondoka kama mtu anayeongea huku anapiga mswaki.

Likizo iliyopita baba mkubwa aliniomba nimpigie. Ana miaka sabini na kitu, sikio la kushoto halifanyi kazi vizuri. Nikaweka kwenye sabufa ya sebuleni, nikaongeza besi, nikaweka kila mbwembwe. Akasikiliza nusu wimbo. Akasema, "Hawa si wao." Nikamwambia ndio wao baba mkubwa, ni zile kaseti zako. Akasema, "Basi zirudishe kama zilivyokuwa." Hakusema kwa ukali. Alidhani inawezekana. Alidhani mjukuu wa kompyuta akibonyeza mahali fulani gita la pili litarudi.

Wewe bwana wa ugali, njoo umwambie yeye kwamba ni ile ile.

Na msiniambie kaseti yenyewe ilikuwa mbovu tangu mwanzo, hoja hiyo nimeshaisikia. Ndiyo, ilikuwa na mvumo, na mawimbi yalikuwa yanapotea, na mwisho wa wimbo mtangazaji alikuwa anaingia kabla haujaisha. Hivyo vyote vilikuwa vyake. Ubovu wa zamani ukiutunza mzima, siku moja anakuja fundi mwenye akili kuliko wewe anausafisha, na vyombo vya kusafishia vinazidi kuwa bora kila mwaka. Ukiubana, fundi huyo hata akija hana la kushika. Kanda mama za RTD leo ziko chini ya TBC, na hizo ndizo kitabu chenyewe. Sisi tulio wengi tunachokisikia mtandaoni ni desa la desa: wimbo uliotoka kwenye kanda ukaenda hewani, ukaingia kaseti ya mtu, ukageuzwa MP3, ukapandishwa, ukashushwa, ukapandishwa tena. Halafu mtoto wa 2005 anaskia anasema, "Muziki wa zamani ulikuwa hauna sauti nzuri." Mwongo! Ulikuwa nayo, sisi ndio tuliokula.

Ndiyo maana nakasirika nikiona mtu analipia flashi ya GB 64 ili ajaze Queen isiyopotea, bendi ambayo kanda zake zina walinzi, na FLAC yake halali hata ukiipoteza leo kesho unaipata dukani, halafu nyumbani kwao kuna sanduku la kaseti limewekewa ndoo ya maji juu. Sisemi uache Queen. Mimi mwenyewe siachi. Nasema hiyo hiyo hasira uliyonipandishia mimi Jumamosi, nusu yake tu, peleka chini ya uvungu wa kitanda cha bibi yako.

Sasa tangazo, halafu nawaacha. Desemba nikiwa nyumbani Mpanda nilifungua ile redio kaseti ya baba mkubwa, ilikuwa haijaguswa miaka. Ndani kulikuwa na kaseti moja imekwama, ndiyo iliyopona, kwa sababu mwaka 2017 mlango uligoma kufunguka. Upande A umeliwa na ukungu. Upande B ni mzima. Nikasafisha kichwa cha kusomea kwa pamba na spiriti, nikachomeka waya kwenye laptopu, nikairekodi bila kuibana. Dakika 30, MB 190 hivi. Tabora Jazz nyimbo nne, ya tano sijui ni nani, mwenye baba mtu wa dansi aje aitambue. Gita la pili lipo. Baba mkubwa alisikiliza yote, kisha akaniambia niirudishe mwanzo, na kaseti yenyewe akaichukua akaifungia kabatini na ufunguo akauweka mfukoni, maana ananijua.

Waya ninao hapa hosteli, redio kaseti nitakuja nayo baada ya Pasaka. Mwenye kaseti kwao azilete, sitoi bili, ila kaseti unarudi nayo mwenyewe. Na anayetaka hizo nyimbo tano aje kimbwetani na flashi. Sirushi kwa Bluetooth.